Vijino vya Kaseti

Dada yangu mkubwa ana kopo la maziwa ya unga ambalo halijaona maziwa tangu tukiwa watoto. Ndani yake mna kaseti moja, imefungwa kwa kipande cha kitenge. Miaka yote niliyofanya kazi ya kompyuta hapa Kindu nilijua iko kabatini kwake, na sikuwahi kumwomba. Siku nilipomwomba alinijibu kwa maswali matatu, na maswali hayo yalinifanya nibomoe sehemu ya kazi niliyodhani nimeimaliza.

Niseme kwanza kazi yenyewe, maana hata nyumbani watu huniuliza ninatazama nini kwenye kioo kile kutwa. Niko kwenye chama kidogo kinachokusanya sauti za watu wa Maniema: kaseti za miaka ya vita, masimulizi ya wazee yaliyorekodiwa kwa simu, nyimbo za harusi. Sauti hizo zinatunzwa na programu kadhaa, na kila programu imefungwa ndani ya kontena. Neno hilo lisikutishe. Fikiria mama anayekwenda kupika na kuuza sokoni, amebeba vyote vyake: mbabula ya makaa, sufuria, chumvi, sahani, hata maji. Popote utakapomkalisha atapika, wala hatamsumbua jirani. Kontena ni hivyo, programu pamoja na kila inachohitaji. Na mashine nyingi zikishirikiana kuzibeba kontena hizo, kundi hilo la mashine tunaliita klasta.

Sisi mashine hizo hatunazo. Umeme wetu unatoka kwenye vioo vya jua juu ya bati, na mtandao unatoka kwenye sahani ya setilaiti iliyofungwa kwenye nguzo nyuma ya ofisi. Kwa hiyo tunakodi klasta kwa kampuni ya ng'ambo, nayo ndiyo inayoiangalia. Mashine moja ikifa, wao huweka nyingine kabla hatujajua. Wengi hudhani kwamba hapo kila kitu kiko salama. Mpangaji yeyote anajua sivyo: mwenye nyumba ataziba paa, lakini sanduku lako likipotea, hasara ni yako.

Wiki ile nilikuwa naitayarisha klasta ipokee programu ya kuweka nakala. Ni kazi ya kuulizauliza, na watu wenye haraka huiruka. Kwanza unauliza kama diski zinaweza kupigwa picha. Siyo picha ya kamera. Ni kuikamata diski jinsi ilivyo kwa dakika moja, ili kesho uweze kuirudia dakika ile. Uwezo huo wakati mwingine umelala, lazima uuamshe, kisha uubandike alama ambayo programu ya nakala itaitambua. Halafu unaitengea programu yenyewe chumba chake ndani ya klasta, isichanganyike na wengine. Unaipa funguo za kusoma vyumba vingine, zile inazozihitaji tu. Mwisho unaandaa ghala nje ya klasta, mahali nakala zitakapolala. Ukimaliza, kuna kikaguzi kidogo unachokiendesha. Kinapita kila mahali na kukujibu kwa alama ya kijani au nyekundu.

Siku ya nne alama zote zikawa kijani. Nilifunga kompyuta, nikaenda moja kwa moja kwa dada yangu kuomba kopo, ili sauti ya kaseti ile nayo itunzwe.

Ili uelewe kwa nini nilikuwa sijawahi kuliomba, itabidi turudi nyuma.

Baba yetu alikuwa fundi wa cherehani. Hakuwa anashona, alikuwa anazitengeneza. Mwanzoni mwa vita alitoka Kindu akaenda Kampene, ambako wafanyabiashara walikuwa na cherehani nyingi zilizonyamaza. Alisema atakaa mwezi mmoja. Barabara ikafungwa nyuma yake. Treni haikupiga honi tena, na mji wetu ukabaki kama mtu aliyezibwa masikio. Waliokuwa wakipita ni wasukuma-baiskeli peke yao, wanaume waliopakia chumvi, sabuni na mafuta ya mawese mpaka baiskeli yenyewe haionekani, wakaisukuma msituni siku nyingi. Chini ya chumvi ya mmoja wao ndimo ilimosafiri kaseti ya baba.

Kuandika hakukupenda, mikono yake, alisema, ilizoea bisibisi. Kwa hiyo alisema. Alipata redio ya kaseti ya kuazima kule, sisi tulikuwa na yetu hapa, na kaseti yenyewe ilikuwa moja, inakwenda na kurudi. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Kaseti ya baba nayo haikurudishwa tupu. Yeye akisema, sisi tunasikiliza, kisha tunasema juu ya maneno yake na kuituma. Yeye anasikiliza, kisha anasema juu ya yetu. Hatukuona ubaya. Ili kuijaza sahani lazima kwanza uoshe kilichokuwamo.

Kila baiskeli ilipoingia mtaani, mama alituma mmoja wetu mbio. "Imefika?" tuliuliza hata kabla ya salamu, nao walitutania kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo 'njo' ni 'ndiyo' na 'papa' ni 'baba'.

"Chumvi njo imefika. Kaseti ya papa yenu ilishuka njiani, inakunywa chai."

Kisha mkono ungeingia chini ya mzigo na kuitoa.

Waliozaliwa juzi huenda hawajawahi kuishika kaseti. Nyuma yake, pembeni, ina vijino viwili vya plastiki. Vikiwa vizima, redio inakubali kurekodi. Ukivivunja, kitufe chekundu kinagoma kushuka. Ndiyo namna ya mwenye kaseti kusema: hii iacheni kama ilivyo.

Mara ya mwisho kaseti ilifika mchana. Betri zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi, maana zikipata joto hurudiwa na nguvu kidogo. Tulikaa uani, mama, dada yangu na mimi. Baba alianza kwa bismillahi, akasalimia, kisha akasema, "Mukubwa, hii ni ya kwako." Mukubwa ni dada yangu. Wakati huohuo kuku wakauvamia muhogo uliokuwa umeanikwa kwenye mkeka, naye akaruka kuwafukuza.

"Nitasikiliza tena," alisema akikimbia.

Aliporudi, baba alikuwa ameshafika kwenye paa. Tulikuwa tumemwambia kwamba jiko linavuja, naye akawa anatueleza jinsi ya kuliezeka upya kwa majani. Alieleza polepole, kama kawaida yake, jani moja baada ya jingine. Kaseti ilipokwisha, mama alitazama jua.

"Yule wa baiskeli anatoka kisha sala ya alasiri. Mujibu sasa, betri zisife."

Dada yangu alirudisha kaseti mwanzo na kubonyeza. Kitufe chekundu kikagoma. Akaitoa, akaigeuza: kijino hakipo.

"Kimevunjika njiani," mama alisema. "Baiskeli na mashimo ile, hata meno ya muntu inavunjika."

Hakuna aliyewaza kwamba baba, ambaye hakuwahi kukivunja, safari hii amekivunja mwenyewe. Dada yangu alinyofoa tonge la bugali lililobaki kwenye sahani, akalisokota kati ya vidole, akaziba tundu. Kitufe kikashuka. Tulimpigia makofi.

"Fundi kama papa yake," mama alisema.

Tukasema. Mimi nilisimulia habari za mbuzi wa jirani aliyekula daftari langu. Dada yangu aliahidi kwamba paa litaezekwa. Mama alikuwa katikati ya salamu za shangazi wakati betri zilipokufa. Msukuma-baiskeli aliichukua hivyo hivyo. Siku ya tatu tulimwona anarudi, mzigo wake mzima, amekonda uso. Mbele hakupitiki, alisema, watu wote wanarudi. Akaingiza mkono chini ya chumvi na kuiweka kaseti mkononi mwa mama.

Barabara ilipofunguka, mtu mmoja kutoka Kampene alituletea mfuko wa bisibisi za baba. Homa ilikuwa imemchukua. Walimwosha, walimsalia, walimzika vizuri; hayo alituapia, na tulimshukuru.

Siku nyingi baadaye mama alipata betri mpya, akaichezesha kaseti. Zilitoka sauti zetu. Mbuzi, daftari, paa. Kuelekea mwisho zilikimbia na kuwa nyembamba kama za ndege, kwa sababu zilirekodiwa na betri zinazokufa. Kisha mlio mdogo, kisha baba. Jibu letu lilikuwa fupi kuliko barua yake, na mkia wa barua ulibaki. Ni kama dakika mbili: majani, ngazi, mvua. Na mwisho kabisa: "Na wewe mukubwa, ile nilikuambia pale mwanzo, usi..." Hapo utepe unakwisha.

Alimwambia nini pale mwanzo? Mama alidhani ni habari za shule. Mimi nakumbuka tu kwamba sauti ilishuka, kama mtu anayeinama. Dada yangu anakumbuka kuku. Siku ile aliitoa kaseti kwenye redio, akaitia kwenye kopo, na tangu hapo haikuchezwa. Utepe unazeeka, alisema, na kila mchezo unaula.

Sasa ana wajukuu, ni mshonaji, na zile bisibisi za baba anazitumia yeye. Nilimkuta barazani anakanyaga cherehani.

"Asalam aleikum, yaya," nilimwamkia, maana kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Aleikum salam. Uso inang'aa hivi, nani amekupa mbuzi?"

Nikamweleza. Klasta, kontena, mama wa sokoni na mbabula yake. Alisikiliza bila kuacha kukanyaga.

"Ile picha ya diski inalala wapi?"

"Kule kule, kwa kampuni."

"Na ile ghala yako?"

"Pia kule. Mji uleule, ni rahisi kuta..."

"Ngoja. Moto ikiingia mule ndani, sanduku inaungua, na picha ya sanduku inaungua pembeni yake. Masomo yako yote njo hii?"

Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimeliweka ghala karibu kwa sababu ya uvivu wa kujaza fomu nyingine. Kikaguzi hakikuuliza ghala liko mji gani. Kiliuliza tu kama lipo.

"Haya. Vijino iko?"

"Vijino gani?"

"Vya kuvunja, mudogo wangu. Muntu asiandike juu."

Nikamwambia kuna kufuli linaloweza kuwekwa kwenye ghala. Nakala ikishaingia, haibadilishwi wala haifutwi mpaka muda mliopanga uishe, na muda huo unaweza kuuongeza tu, kuupunguza huwezi.

"Uliweka?"

"Bado."

"Na muntu akiziba na bugali?"

Alisema kama mzaha, lakini mguu wake ulikuwa umesimama. Nilimjibu polepole, kwa sababu ndilo swali lililokuwa limekaa ndani ya kopo miaka yote. "Haizibiki, yaya. Hata mimi mwenye funguo zote siwezi."

Alikata uzi kwa meno. "Sasa ya mwisho. Ulishajaribu kuirudisha?"

"Programu yenyewe bado haijaingia, nilikuwa natayarisha tu..."

"Basi unakuja kupanga sahani, na moto haijawaka." Akaanza kukanyaga tena. "Enda. Ukimaliza, utafuta kitu mbele ya macho yangu, unirudishie. Kisha tutaongea."

Nikarudi ofisini. Kwa kampuni tunayoikodi, kufuli lazima uliombe siku unayounda ghala. Ukisahau, huliongezi baadaye. Kwa hiyo nilivunja ghala langu na kuunda jingine, mji mwingine, nchi nyingine kabisa, safari hii na kufuli. Funguo za zamani zikawa hazifungui, kikaguzi kikajaa alama nyekundu, na nilizishughulikia moja baada ya nyingine bila hasira. Ukiwahi kufanya kazi hii, usizichukie alama nyekundu. Ni watu wanaokuonya mlangoni, kabla hujaingia. Zilipokuwa kijani tena, nikaisimika programu.

Alikuja Ijumaa asubuhi, kopo chini ya kwapa. Hakuliweka mezani. Nilimuuliza tufute nini.

"Sauti yangu," alisema. "Niandike mimi, kisha unifute."

Nikamkalisha mbele ya maikrofoni. Alikohoa, akatengeneza kitambaa cha kichwa kana kwamba ataonekana, akasema: "Mimi njo mukubwa. Niko hapa Kindu. Muhogo imeanuliwa. Kuku wote wameingia."

Nikaihifadhi kwenye chumba cha majaribio, nikaweka nakala, kisha nikakifuta chumba kizima, programu na diski yake. Kioo kikabaki kitupu.

"Nimeenda?"

"Umeenda."

"Sasa futa na ile ya ghala."

Nikajaribu mbele yake. Ghala likakataa. Akaniambia niandike juu yake; likakataa tena, kwa maneno mekundu. Alinitaka nimsomee maneno hayo, nikamsomea, akaomba niyarudie. Nadhani yalimfurahisha kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Kisha nikaanza kurudisha. Mtandao wetu siku ile ulikuwa mzito. Alitoa karanga mfukoni, tukala, maganda tukayapanga juu ya meza.

"Hata baiskeli ingekuwa imefika," alisema.

Na ndipo sauti yake ikatoka kwenye spika: mukubwa, Kindu, muhogo, kuku. Hakucheka. "Rudia," alisema, nikarudia. Akafungua kopo.

Kaseti ilikuwa safi. Kwenye tundu la kijino, tonge lile la bugali lilikuwa bado limo, la kijivu, gumu kama punje ya changarawe. Miaka yote hakuthubutu kuligusa. Alichomoa sindano ya cherehani kwenye ukosi wake, akalichokonoa taratibu, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Lilipotoka alilifunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Sasa njo anza."

Redio nilikuwa nimeisafisha kwa spiriti tangu jana yake. Tulimsikia mama, tukashikana mikono. Tulisikia sauti zetu zikikimbia na kuwa za ndege. Kisha mlio, kisha yeye:

"...anza chini. Jani ya kwanza ikae chini kabisa, ya pili ilalie ya kwanza, ili maji ikitoka juu isipate pa kuingia. Muntu akianza juu ataona nyumba nzuri, lakini mvua ya kwanza itamuambia. Mukubwa ashike ngazi, asipande. Na kama mvua haiwasumbue sana, mungoje tu. Nitakuja nifanye mwenyewe. Na wewe mukubwa, ile nilikuambia pale mwanzo, usi..."

Tak.

Kompyuta ilikuwa imekamata yote. Nilimwonyesha mstari wa sauti kwenye kioo, vilima vidogo vya pumzi ya baba, na pale vinapokatika. Aliweka kidole pale mwanzo kabisa, kwenye vilima vyetu, penye mbuzi na daftari.

"Na ile iliyokuwa hapa chini, mashini yako haiwezi kuirudisha?"

Nilikuwa naliogopa swali hilo tangu siku ile barazani kwake. Nakala, nilimwambia, inarudisha kile kilichokuwepo siku ilipochukuliwa. Kilichoandikwa juu kabla ya hapo hakiko popote.

"Hata kule ng'ambo?"

"Hata kule, yaya."

Akatikisa kichwa kukubali. "Niliuliza tu." Akairudisha kaseti kwenye kopo, ikiwa na tundu lake wazi.

Sasa, wenzangu wa kazi hii watakuambia, nami nawaunga mkono, kwamba nakala ambayo hujawahi kuirudisha bado si nakala, ni tumaini. Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi, kabla ya sala, ninatengeneza chumba kitupu ndani ya klasta na kurudisha humo faili moja kutoka ghala la mbali, kisha nalisikiliza mpaka mwisho kuhakikisha ni zima. Faili lolote linatosha. Mimi huchagua lile lile.

Dada yangu ameijua saa. Huacha cherehani, huja na uzi bado shingoni, na kabla ya salamu husimama mlangoni.

"Imefika?"

"Imefika, yaya."

Huvuta kiti, hukaa, na baba huanza tena na jani la chini.